Kuunganisha strima ya muziki na mfumo wa sauti nyumbani: RCA, optiki, koaksia, USB, HDMI au Bluetooth?

Nyuma ya strima ya muziki, kile kifaa kinachovuta nyimbo kutoka kwenye intaneti, kuna matundu manne, matano, wakati mwingine zaidi. Nyuma ya amplifaya kuna mengine kibao, na mengi yanaoana. Hapo ndipo mtu hukwama. Waulize watu watatu waya upi ni bora, utarudi na majibu matatu, na kila mmoja atakuapia kwamba wenzake hawana masikio.

Kwa maoni yangu mabishano hayo yanarukia waya mapema mno. Yapo maswali mawili yanayotangulia. Kifaa kipi kitageuza namba za muziki ziwe umeme wa kusukuma spika? Na kifaa kipi kitashika volyumu? Ukishayajibu hayo, nyaya zinazobaki kuchagua ni chache, na pengine unabaki mmoja tu.

Muziki wa intaneti hufika nyumbani ukiwa namba. Spika haielewi namba; inataka umeme unaopanda na kushuka kufuata mawimbi ya sauti yenyewe. Kinachofanya kazi ya kugeuza ni DAC. Strima nyingi zina DAC ndani yake, lakini amplifaya nyingi za kisasa, risiva za sinema ya nyumbani (amplifaya za filamu na spika nyingi) na spika zenye amplifaya ndani nazo zina za kwao. Kwa hiyo unaweza kuwa na DAC mbili chumbani huku inayofanya kazi ni moja, na tundu unalochomeka waya ndilo linaloamua ni ipi. Zipo pia strima zisizo na DAC kabisa, zilizotengenezwa kusafirisha namba tu. Kwa mwenye strima ya namna hiyo, njia ya analogi, yaani ya kutoa umeme uliokwisha kugeuzwa, haipo.

## Vigezo

Kila njia hapa chini imepimwa kwa mambo matano: nani anageuza, waya unabeba kiasi gani, kelele na umbali, matumizi ya kila siku, na mtu anayefaidika nayo.

Kabla hatujaingia ndani, weka kipimo cha pili katika uhalisia wake. CD ni biti 16 (ukubwa wa kila namba) na kHz 44.1 (maelfu ya namba, au sampuli, kwa sekunde). Spotify, ilipoanza mwaka 2025 kutoa muziki usiopunguzwa kitu, ilifika biti 24 na kHz 44.1. Qobuz, Tidal na Apple Music hufika biti 24 na kHz 192 kwa baadhi ya albamu. Optiki, koaksia, USB na HDMI zote zinabeba ubora wa CD bila jasho. Tofauti ya uwezo huanza kuonekana ukivuka kHz 96, na kama muziki wako mwingi uko chini ya hapo, kigezo hiki kisikunyime usingizi.

## RCA na XLR, njia ya analogi

Nani anageuza. Strima. Amplifaya inapokea umeme uliokwisha kugeuzwa, kazi yake ni kuukuza. Kama amplifaya ni ya zamani na haina tundu lolote la kidijitali, mjadala umeisha: chomeka RCA, zile plagi mbili za duara za kushoto na kulia, uendelee na muziki. Kama inayo, swali ni DAC ya upande gani unaiamini zaidi.

Risiva za sinema zina mtego wake. Nyingi zikipokea analogi huigeuza tena kuwa namba, zikafanya hesabu zao za besi, sabufa na usawazishaji wa chumba (kurekebisha sauti ifuate chumba), kisha zikairudisha analogi kabla ya kuipeleka kwenye spika. Muziki wako umegeuzwa mara tatu badala ya mara moja. Si maafa, na wengi hawatasikia kitu, lakini ukitaka kuepuka mzunguko huo tafuta hali iliyoandikwa Direct au Pure Direct. Ujue tu kwamba ukiiwasha, mara nyingi sabufa na marekebisho ya chumba vinazimwa.

Uwezo wa kubeba. Kikomo kiko kwenye DAC ya strima, si kwenye waya. Strima ikiweza kufungua faili, RCA itaipeleka.

Kelele na umbali. Hapa ndipo RCA inapodaiwa. Vifaa viwili vikiunganishwa na ethi (waya wa usalama wa kwenda ardhini) kwa njia zaidi ya moja, kwa mfano kupitia plagi zao za ukutani na tena kupitia ganda la waya wa RCA, umeme mdogo huzunguka humo na kutokea kwenye spika kama mvumo mzito. Utausikia kwenye Hz 50 au 60 kulingana na umeme wa eneo, pamoja na sauti za juu yake. Dawa ya kwanza ni ya bure: chomeka strima na amplifaya kwenye soketi moja ya ukutani. Usikate ethi ya plagi kutafuta ukimya. Ethi iko pale kukulinda wewe. Mvumo ukibaki, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye njia ya sauti, au hamia optiki.

XLR, plagi kubwa ya pini tatu, hupunguza tatizo hilo kwa ujanja: hupeleka nakala mbili za sauti zilizopinduana, na kelele iliyoingia njiani, kwa kuwa imeingia kwa zote mbili sawasawa, hufutika mwisho wa safari. Faida hiyo ipo pale ambapo vifaa vyote viwili vimetengenezwa hivyo tangu ndani, na inaonekana zaidi kwenye waya mrefu. Kwa mita moja kati ya masanduku mawili yaliyopandana, RCA ya kawaida inatosha.

Mtego mwingine wa XLR: kwa kawaida hutoa takriban volti 4, wakati RCA hutoa karibu volti 2. Ukilinganisha bila kusawazisha volyumu, XLR itashinda kila mara kwa sababu tu imepaa juu, na sikio la binadamu hupenda kilichopaa. Nadhani sifa nyingi za XLR za nyumbani zimezaliwa hapo.

Matumizi ya kila siku. Matundu ya AUX, CD, TUNER na TAPE kwenye amplifaya hupokea kiwango kilekile cha umeme, kwa hiyo chagua lolote lililo wazi, hata kama halikuandikwa jina la kifaa chako. Isipokuwa PHONO. Hilo ni la santuri. Linategemea umeme wa takriban milivolti 5 kutoka kwenye sindano, linaukuza sana na kuipandisha besi kwa makusudi. Ukiliingizia volti 2 za strima utapata mngurumo uliopasuka, na spika zako hazitakushukuru.

Swali la volyumu linajitokeza zaidi hapa kuliko kwingine. Strima nyingi zina mpangilio wa pato lisilobadilika na pato linalobadilika. Lisilobadilika hutoa sauti kamili muda wote, na volyumu inabaki kwa amplifaya. Linalobadilika linakuruhusu kupandisha na kushusha kwa simu, jambo zuri kama amplifaya yako haina rimoti: unaacha kitasa chake mahali pamoja na kila kitu kinafanyika kwenye programu. Ukiunganisha strima moja kwa moja na amplifaya ya nguvu isiyo na kitasa cha volyumu, hakikisha pato linabadilika, na limeshushwa chini kabisa, kabla hujawasha. Kosa hapo linaweza kuchoma spika ndani ya sekunde.

Inamfaa mwenye amplifaya ya zamani anayoipenda, mwenye strima yenye DAC nzuri kuliko ya amplifaya, na mtu yeyote anayetaka sauti itoke leo bila kusoma kitabu cha maelekezo.

## Optiki

Nani anageuza. Kifaa cha mwisho: amplifaya, risiva, spika au DAC ya pembeni. Strima inapeleka namba tu.

Uwezo wa kubeba. Toslink, plagi ya mraba inayotoa mwanga mwekundu, ilibuniwa na Toshiba mwaka 1983. Hadi biti 24 na kHz 96 unaweza kuitegemea. Kwa kHz 192 hali ni ya bahati: vifaa vingine vinaikubali, vingine vinakatakata au kunyamaza. Ukipatwa na hilo, ingia kwenye programu ya strima uweke kikomo kHz 96. Strima itapunguza yenyewe na kukatika kutakoma.

Kelele na umbali. Hii ndiyo sababu hasa ya kuichagua. Ndani ya waya kuna uzi wa plastiki unaopitisha mwanga, hakuna shaba inayogusa kotekote, kwa hiyo mvumo wa ethi hauna njia ya kupita. Mwenye kompyuta, televisheni na kisimbuzi vyote kwenye mfumo mmoja anaijua thamani ya jambo hilo. Mita 5 hazina shida. Kumi ni kujaribu bahati. Usiukunje waya kwenye kona kali, maana uzi ukivunjika hauonekani kwa nje. Na kabla hujaulaumu kwa kutotoa sauti, angalia kama umeondoa kile kifuniko kidogo cha plastiki cha kwenye ncha. Husahaulika mno.

Matumizi ya kila siku. Baadhi ya DAC hunyamaza nukta moja zinapobadilishiwa kHz, kisha zinashika tena. Nusu sekunde ya mwanzo wa wimbo inaweza kumezwa. Kwa albamu moja huoni shida, kwa orodha iliyochanganywa inachosha. Jingine: tundu dogo la duara la milimita 3.5 huweza kuficha optiki ndani yake, kama ilivyokuwa kwenye Chromecast Audio ya mwaka 2015. Vifaa vya namna hiyo vinahitaji waya wenye ncha ndogo upande mmoja, kwa hiyo chungulia tundu kabla ya kununua.

Inamfaa anayesikia mvumo, mwenye spika zenye amplifaya ndani, mwenye risiva ya sinema anayetaka usawazishaji wa chumba ufanye kazi bila kugeuzageuza sauti mara tatu.

## Koaksia

Nani anageuza. Kifaa cha mwisho, sawa na optiki. Kwa kweli hizi mbili ni lugha moja, S/PDIF, iliyotoka kwa Sony na Philips. Optiki inaipeleka kwa mwanga, koaksia kwa umeme.

Uwezo wa kubeba. Biti 24 na kHz 192, na huko juu imetulia kuliko optiki. Wenye faili za DSD, aina nyingine ya namba za muziki wa ubora wa juu, wanaweza kupitisha DSD64 iliyofungashwa ndani ya kHz 176.4, kama DAC inaielewa.

Kelele na umbali. Ni shaba, hivyo mvumo wa ethi unaweza kurudi, ingawa kwa namba haudhuru muziki wenyewe. Unadhuru pale ukishaingia kwenye amplifaya kupitia ganda la waya. Kinachohitajika ni waya wa omu 75. Ule waya wa njano wa video uliokuja na deki ya DVD ni wa omu 75, na kwa mita moja au mbili unafanya kazi hii vizuri bila kutumia hata shilingi.

Matumizi ya kila siku. Ncha yake inafanana na RCA ya analogi, na hapo watu huchanganya. Tundu la koaksia ni moja peke yake, mara nyingi lina rangi ya chungwa au limeandikwa COAX au DIGITAL. Ukiutoa waya humo na kuuchomeka AUX utapata kelele au kimya badala ya wimbo.

Inamfaa mwenye muziki wa kHz 192 na DAC iliyo karibu na strima.

## USB

Nani anageuza. DAC ya nje, na safari hii yenyewe ndiyo inayoshika mwendo. Kwenye optiki na koaksia, saa inayopanga sampuli iko kwa strima na DAC inalazimika kuifuata. Kwenye USB ya kisasa DAC ina saa yake na inaiambia strima iongeze au ipunguze mwendo wa kuleta data. Kinadharia ndiyo njia safi zaidi ya saa. Kwa vitendo, DAC za miaka ya karibuni zinasafisha saa ya S/PDIF vizuri kiasi kwamba nisingebadilisha mfumo unaofanya kazi kwa sababu hii peke yake.

Uwezo wa kubeba. Hapa hakuna anayeifikia kati ya njia za sauti ya stereo. Kiwango cha kwanza cha sauti ya USB kilifika biti 24 na kHz 96. Cha pili, cha mwaka 2009, kinapanda hadi kHz 384 na 768, na DSD za juu kuliko DSD64. Ni watu wachache wenye faili za namna hiyo, lakini wapo, na hii ndiyo njia yao.

Kelele na umbali. Mita 5 ndiyo mwisho wa waya wa kawaida wa USB 2.0, na mimi ningekaa chini ya mbili. USB hubeba umeme pamoja na data, hivyo uchafu wa umeme wa strima unaweza kuifuata DAC isiyo na chanzo chake. DAC yenye adapta yake mwenyewe haisumbuliwi sana.

Matumizi ya kila siku. Hii ndiyo njia yenye maswali mengi kabla ya kununua. Kuwa na tundu la USB si kuwa na pato la sauti: kwenye strima nyingi tundu hilo ni la kuchomeka diski yenye nyimbo, basi. Soma maelezo utafute maneno USB audio output au USB DAC. Upande wa amplifaya nako kuna kitendawili kilekile: tundu pana la mbele mara nyingi ni la flashi, wakati la sauti ni lile la mraba la nyuma, au USB-C kwenye mashine mpya.

Ikishakubali, mambo hutulia. Strima nyingi zimejengwa juu ya Linux, ambayo huzielewa DAC zinazofuata kiwango bila kusakinisha chochote. Wanaojitengenezea strima kwa Raspberry Pi huishia hapa kwa kawaida. Toleo la 5 la kompyuta hiyo halina hata jeki ya sauti, na DAC ya USB inamaliza kazi.

Inamfaa aliyewekeza kwenye DAC nzuri ya pembeni, anayejenga strima mwenyewe, na mkusanyaji wa DSD.

## HDMI

Nani anageuza. Risiva au amplifaya yenye tundu la HDMI.

Uwezo wa kubeba. Stereo si kitu kwake. HDMI ndiyo inayobeba sauti ya njia nyingi isiyobanwa, na ndiyo njia ya kupeleka muziki wa Dolby Atmos (sauti ya spika nyingi zinazokuzunguka) wa Apple Music au Tidal kwenye risiva. Optiki na koaksia haziuwezi. Angalia tu kifaa kinachoutoa. Apple TV 4K, kwa mfano, haitoi muziki wa juu ya kHz 48, kwa hiyo albamu ya kHz 192 inapunguzwa kabla haijatoka humo.

Kelele na umbali. Ina shaba, mvumo unawezekana, ingawa si lalamiko la kawaida.

Matumizi ya kila siku. Strima za stereo zenye HDMI mara nyingi hazina *pato*. Zina tundu la ARC au eARC la kupokea sauti ya televisheni. Hapo strima inakuwa kitovu: filamu inaingia kwa HDMI, muziki unaingia kwa intaneti, vyote vinatoka kwa RCA au optiki kwenda kwa amplifaya moja, na rimoti ya televisheni inashika volyumu. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, eARC na HDMI 2.1 mwaka 2017. Kwa spika mbili ARC ya kawaida inatosha. Kasoro ya kupitisha muziki kwenye risiva kwa HDMI ni kwamba aghalabu lazima televisheni iwashwe ili uchague wimbo. Mtu anayetaka kusikiliza gizani huchoka nayo haraka.

Inamfaa familia yenye mfumo mmoja wa filamu na muziki, na mpenzi wa Atmos.

## Bluetooth

Hapa nitapita haraka. Kifaa cha mwisho ndicho kinachogeuza. Muziki unabanwa na sehemu yake kutupwa. Mbinu za kubana ni nyingi: SBC, AAC, aptX ya kawaida, hata LDAC inayofika kbps 990, zote zinapunguza, ilhali CD yenyewe ni kbps 1,411. Umbali ni kama mita 10 bila kuta, na inagombea Hz bilioni 2.4 pamoja na Wi-Fi na oveni ya maikrowevu. Haina waya wala mvumo, na kuiunganisha ni suala la sekunde. Nisingenunua strima ili niitumie kwa Bluetooth kwenda kwa amplifaya iliyo hatua mbili kutoka hapo. Lakini kwa spika za varandani, au vipokea sauti vya kichwani usiku wengine wakiwa wamelala, inamfaa mtu yeyote na hakuna sababu ya kuionea aibu.

## Neno moja kuhusu upande wa pili

Watu hutumia wiki nzima kuchagua waya wa kutoka, kisha strima inakatakata kwa sababu Wi-Fi ni dhaifu nyuma ya kabati la chuma. Stereo ya biti 24 na kHz 192 isiyobanwa ni takriban megabiti 9.2 kwa sekunde, na FLAC, ubanaji usiopoteza kitu, huipunguza zaidi. Mtandao wowote mzima unaiweza. Strima ikikatika, vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta kabla hujaanza kulaumu optiki.

## Kwa hali yako

Una amplifaya ya stereo ya miaka mingi, haina kidijitali chochote: RCA kwenye AUX, pato lisilobadilika kama amplifaya ina rimoti, linalobadilika kama haina.

Una amplifaya mpya yenye DAC ndani, na strima ndogo ya bei nafuu: mpe amplifaya kazi. Optiki ikiwa muziki wako hauvuki kHz 96, koaksia ikiwa unavuka. Wacha pato la kidijitali kwenye sauti kamili na utumie volyumu ya amplifaya. Kupunguza volyumu kwa namba kwenye pato la biti 24 hakuharibu sana, ila hakuna haja.

Una risiva ya sinema na sabufa, na uliipima kwa maikrofoni yake ikasawazisha chumba: optiki au koaksia, usiende analogi. Usawazishaji wa chumba unaleta mabadiliko makubwa kuliko tofauti yoyote ya nyaya niliyoieleza hapa, na ni hasara kuuzima ili kulinda DAC ya strima. Kama ni strima ndiyo yenye usawazishaji wa chumba, fanya upande mmoja tu. Zote mbili zikirekebisha besi ileile, utapata besi isiyo ya chumba chochote.

Una spika zenye amplifaya ndani: angalia zinavyoamka. Nyingine huwashwa na ishara inapofika, na wimbo unaoanza kimyakimya unaweza usizitoshe, zikabaki zimelala hadi ngoma zilie. Ukikumbana na hilo kwenye RCA, jaribu optiki. Baadhi huamka zinapoona mwanga tu.

Unataka vyumba vitatu vicheze wimbo mmoja pamoja: pendelea analogi kwenda kwa amplifaya ya kawaida katika kila chumba. Risiva yenye hesabu nyingi hucheleweshea sauti sehemu ya sekunde, ukisimama mlangoni unasikia mwangwi. Programu nyingi za strima zina kisogezi cha kurekebisha ucheleweshaji, lakini ni rahisi zaidi kutokuwa na haja nacho.

Kuna mvumo: usinunue waya ghali. Soketi moja ya ukutani kwanza, kisha optiki.

Bado uko kati ya njia mbili, tuseme RCA na optiki? Chomeka zote mbili kwa pamoja kwenye matundu mawili ya amplifaya ileile. Baadhi ya strima hutoa sauti kwenye matundu yote kwa wakati mmoja, nyingine zitakutaka ubadilishe pato kwenye programu. Weka wimbo unaoujua hadi pumzi za mwimbaji, sawazisha volyumu ya njia zote mbili kwa programu ya kupima desibeli kwenye simu, kisha mpe mtu mwingine rimoti abadilishe bila kukuambia yuko wapi. Kama baada ya nyimbo kadhaa unakisia tu, bakiza njia isiyovuma na isiyomeza mwanzo wa wimbo, na tundu lililobaki liachie televisheni.